Siku Thelathini Mezani

Hapo zamani, yaani Jumanne iliyopita saa nne asubuhi, nilisimama mbele ya watu wazima arobaini nikasifu orodha ya masufuria.

Ngojeni nieleze. Kijiji cha Ilomero kimeunda jumuiya ya watumia maji, na jumuiya imeandika sheria ndogo zake: nani achote saa ngapi, ng'ombe wanyweshwe upande gani, anayefua nguo kisimani afanywe nini. Kwa kuwa mimi nilikaa ndani ya Baraza la Kutunga Sheria miaka ishirini na miwili, na nimehudhuria semina za kanuni kuanzia Lusaka mpaka Geneva, walinialika nizipitie kabla hawajazipigia kura. Mwenyekiti wao anaitwa Nyamizi, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke asiyecheka ovyo. Nilipokuwa ndiyo kwanza nateremka garini mtu mmoja alinipa karatasi. Nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaendelea kusalimiana na wazee na kuuliza habari za mvua.

Nilipopewa nafasi nikaikunjua, nikavaa miwani. Nikasema kwamba katika nchi kumi na moja nilizotembea sijaona rasimu iliyonyooka kama ile. Nikasema lugha yake ni ya wazi, kila mtu ametajwa kwa jina na wajibu wake unajulikana. Nikasema kifungu cha nne ndicho kilichonigusa zaidi.

Nyamizi akaniuliza kwa upole, "Kipi, Mzee? Hicho cha sufuria kubwa mbili na mwiko?"

Ilikuwa orodha ya wapishi wa chakula cha mchana. Sheria ndogo zenyewe walikuwa wameniwekea kwenye bahasha, juu ya kiti changu. Nilikuwa nimezikalia.

Watu walicheka mpaka bibi mmoja wa safu ya mbele akaomba maji ya kunywa. Mimi nami nilicheka. Nina kitambi cha kutosha kujua kwamba mtu wa umbo langu akianguka hadharani ni bora awe wa kwanza kucheka. Lakini moyoni sikucheka, kwa sababu kosa lile sikulifanya Jumanne kwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza nililifanya miaka sita iliyopita, na siku ile hakuna aliyecheka.

Basi nikavua miwani, nikaichukua bahasha kitini ikiwa bado na joto, nikawaambia sheria zao nitazisoma usiku ule neno kwa neno na kesho yake tutazungumza. Kwa sasa nina kitendawili kirefu. Nimekibeba miaka sita na sijakipatia jawabu, na kama wao ni watu wa kutunga sheria, basi wanisaidie kuhukumu.

Mzee mmoja mwenye kofia ya pama akauliza kama ni hadithi ya kweli.

"Ni ya nchi moja," nikasema.

"Nchi ipi?"

"Nchi moja."

Wakaangaliana, wakaketi vizuri.

Katika nchi hiyo moja, nikawaambia, kuna msitu wa miombo ambao mtu akiutembea siku nzima anatoka upande wa pili akiwa bado hajamaliza kukutana na nyuki. Watu wa huko ni wafugaji wa nyuki tangu babu wa babu zao. Wanachimba gogo, wanaliziba pande mbili, wanalipandisha juu ya mti kwa kamba, wanashuka, wanasubiri. Nyuki wanakuja wenyewe.

Huko aliishi mjane mmoja, Mama Kalunde. Marehemu mume wake alikuwa amemwachia mizinga sabini na miwili. Aliichonga mwenyewe kwa miaka thelathini, na kwenye kila mmoja aliunguza alama yake kwa chuma cha moto: mistari miwili na kitone. Mama Kalunde hakuwa na picha ya mume wake hata moja. Alikuwa na ile mistari miwili na kitone, mara sabini na mbili, juu ya miti. Alikuwa anajua kila mzinga ulichongwa mwaka gani na siku hiyo waligombana kuhusu nini.

Na watu wa huko wana desturi yao. Mtu akiharibu mzinga wa mwenzake hashtakiwi popote. Anatafuta gogo, analichonga kwa mikono yake, analibeba begani mpaka kwa yule aliyemkosea. Aliyekosewa akikubali, anatoka naye mpaka msituni na kumwonyesha mti. Ukishaonyeshwa mti, ukautundika ule mzinga, yamekwisha. Halitajwi tena, hata kwenye pombe. Lakini mti huonyeshwa mtu mmoja tu. Kosa moja, mzinga mmoja, bega moja. Wanasema mzigo ukibebwa na wawili, kila mmoja atakuja kudai kwamba mwenzake ndiye aliyekuwa upande mzito.

Sasa mjini, mbali kabisa na msitu huo, Baraza la nchi likatunga sheria. Sheria yenyewe ilikuwa nzuri na fupi: asali inayouzwa sokoni iwe safi, na Mamlaka ya Asali itaandika kanuni za kutimiza jambo hilo. Ndivyo mabaraza yanavyofanya. Baraza haliwezi kuandika kila kitu, kwa hiyo linasema neno kubwa na kuwaachia wataalamu maneno madogo. Shida ni kwamba maneno madogo ndiyo yanayokuja kubisha hodi kwa mtu. Ndiyo maana, ili Mamlaka isijitungie nchi yake, kila kanuni inaletwa mezani mwa Baraza na kukaa pale siku thelathini. Ipo kamati ya kuzitazama. Mheshimiwa mmoja tu akisema "hapa pamezidi", kanuni inasimama. Asipotokea wa kusema, siku ya thelathini na moja inakuwa sheria kamili, na askari anaweza kuibeba.

Watu wanne walizigusa kanuni za asali. Nitawataja mmoja mmoja.

Wa kwanza ni aliyeiandika, Daktari Lwitiko wa Mamlaka ya Asali. Ni mtu mwema, mpole, amesomea wadudu nchi za baridi, huko ambako nyuki wanakaa kwenye masanduku nyuma ya nyumba kama kuku. Aliandika kanuni arobaini na moja. Katika kanuni ya pili aliandika maana ya mzinga: sanduku la mbao lenye fremu za kutoa na kurudisha. Katika kanuni ya thelathini na nane akaandika kwamba kitu kingine chochote kilichowekwa msituni ili kukalisha nyuki ni uchafu, nacho kitaondolewa na kuchomwa moto. Katika kanuni ya arobaini akaandika kwamba afisa, akiona inafaa, anaweza kuahirisha.

Wa pili ni katibu wa kamati. Kazi yake ilikuwa kusoma kila kanuni inayoletwa na kuwaandikia waheshimiwa ukurasa mmoja wa muhtasari, kwa sababu waheshimiwa wana mambo mengi. Katibu huyo alisoma kanuni ya kwanza, akaonja ya tatu, akafungua ukurasa wa mwisho kuona kama sahihi na muhuri vipo. Halafu akaandika: "Kanuni hizi zinahusu usafi wa asali. Hazina tatizo." Alikuwa na haraka, ana ndege ya jioni. Alikuwa anakwenda kwenye semina ya kimataifa kuhusu namna ya kuzichunguza kanuni za serikali. Huko alitoa mada, akapigiwa makofi, akarudi na cheti na begi la bluu.

Katibu huyo alikuwa mimi. Nawaambia mapema ili msihangaike kukisia.

Yule bibi aliyeomba maji akaniuliza kama lile begi bado ninalo. Nikamjibu ninalo. Akatikisa kichwa.

Wa tatu ni mwenyekiti wa kamati, Mheshimiwa Ngassapa. Na msikie hili vizuri: alikuwa mbunge wa huko huko kwenye msitu. Amekulia kwenye asali ya baba mkwe wa Mama Kalunde. Lakini kamati yake ilikuwa na mazoea. Zamani sana kanuni zilikuwa zinasomwa pale kwa sauti, zote, mpaka mheshimiwa mmoja akapendekeza kwamba ili kuokoa muda mwenyekiti ataje kichwa tu na wajumbe waitikie "Imesomwa", kisha ihesabike kwamba imesomwa. Siku hiyo palikuwa na kanuni sitini na tatu. Mwenyekiti akataja za leseni za vinyozi. Imesomwa. Akataja za urefu wa uzio wa viwanja vya mpira. Imesomwa. Akataja za mizigo ya pikipiki. Imesomwa. Akataja za usafi wa asali, akatupia jicho muhtasari wa katibu, akaona hazina tatizo. Imesomwa. Sitini na tatu, na saa saba kamili tukaenda kula.

Wa nne ni Shija, afisa nyuki wa wilaya. Huyu, jamani, ndiye mtu pekee katika nchi nzima aliyezisoma kanuni zote arobaini na moja. Alizisoma mara mbili. Ya thelathini na nane aliiona. Ya arobaini pia aliiona.

Akaenda kwa Mama Kalunde na barua. Ulikuwa mwezi wa sita, masega yalikuwa yamefungwa nusu, asali bado changa. Mama Kalunde hakubisha kuhusu sanduku wala fremu. Aliomba wiki tatu tu, arine ile asali, ateremshe mwenyewe mizinga ya mume wake na kuiweka ndani ya nyumba hata kama itakaa mitupu. Shija alimsikiliza mpaka mwisho. Akasema, Mama, barua haijasema kusubiri. Akaleta vijana na ngazi na mafuta ya taa. Walifanya kazi hiyo siku mbili. Majirani wanasema harufu ilikuwa tamu, na kwamba hilo ndilo lililowaudhi kuliko yote, kwamba ilikuwa tamu. Mizinga sabini na miwili iliungua na nyuki wakiwa ndani.

Lwitiko aliandika. Mimi nilifupisha. Ngassapa alipitisha. Shija akawasha.

Mwezi uliofuata, tukiwa kwenye kikao, mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke aliyefunga khanga mbili, mguuni ana vumbi la siku tatu za safari. Mkononi alikuwa na kipande cha gogo, cheusi, kimeungua nusu. Walinzi walikuwa wamemzuia getini, akawauliza kama hapa ndipo kanuni zinapokaa mezani. Wakamwambia ndipo. Akawauliza kama meza hiyo ni ya kanuni tu au na ya watu. Nadhani ndipo walipomwachia apite.

Akaweka kile kipande mbele ya mwenyekiti. Upande ambao haukuungua ilionekana mistari miwili na kitone.

Akasema, "Nimeambiwa kanuni yenu ilikaa hapa siku thelathini na hakuna aliyeiona. Na hiki nacho kikae siku thelathini."

Akageuka akaondoka. Hakulia, hakututukana. Mwenyekiti aliniangalia mimi, nami nikaangalia daftari la mapokezi, maana sikuwa na safu ya kuandikia kuni. Mwishowe nikachukua muhuri, nikapiga kwenye karatasi: IMEPOKELEWA. Tarehe. Sahihi yangu.

Hakuna aliyethubutu kukiondoa. Siku ya kwanza tulifungua madirisha. Siku ya pili mheshimiwa mmoja akahama kiti. Ile harufu ya nta iliyoungua iliingia kwenye makoti yetu, kwenye karatasi, tukawa tunakwenda nayo nyumbani. Mke wangu akaniuliza siku hizi tunachoma nini kazini. Siku ya tano mwenyekiti alitaja kichwa cha kanuni fulani za vivuko, tukasubiri, na hakuna aliyeweza kuitikia "Imesomwa". Lile neno lilikwama.

Siku ya kumi na mbili Mheshimiwa Ngassapa akaniagiza niilete ile kanuni ya asali na kuisoma kwa sauti, yote. Nilisoma saa nzima na dakika hamsini. Nilipofika ya thelathini na nane, mheshimiwa mmoja mwanamke, mjumbe mpya, akauliza swali moja: sheria mama imetaja msitu mahali gani? Tukaifungua. Haikutaja. Sheria ilisema asali inayouzwa sokoni. Mamlaka ilikuwa imetoka sokoni ikaenda kuwasha moto porini, na hakuna aliyeituma. Akasema hapa pamezidi. Wote tukakubali.

Swali lile na jawabu lake vilichukua dakika tano. Swali moja, mtu mmoja, dakika tano, na mizinga sabini na miwili ingekuwa juu ya miti. Nimezidurusu dakika hizo tano mara nyingi kuliko sala zangu.

Siku ya thelathini kanuni ilitenguliwa. Mamlaka iliandika barua ya masikitiko, nami niliisahihisha koma. Lakini ile meza sikuweza kuipita bila kuitazama. Siku moja nikamkuta Mheshimiwa Ngassapa amesimama pale peke yake. Akaniambia anaijua desturi ya kwao na kwamba anatafuta gogo. Nikamwambia mimi ninalo tayari, nimelificha kwenye stoo ya nyumbani, naona aibu hata watoto wasilione. Tukampigia simu Daktari Lwitiko. Alikuwa amekwisha kuanza kuchonga, akawa anatuuliza patasi gani ni nzuri. Shija hatukumpigia. Tulimkuta njiani anatembea kwa miguu, na gogo begani.

Tukampakia. Safari ya siku moja na nusu, watu wanne, mizinga minne nyuma ya gari. Wangu ulikuwa mbaya kuliko yote, umepinda kama jino la ngiri, na vidole vyangu vyote vilikuwa na plasta. Na ndani ya gari lile, nasema kweli, hatukufanana na watu wanaokwenda kuomba msamaha. Kila mmoja alikuwa anajitoa. Lwitiko alisema kuandika si kupitisha. Mimi nikasema muhtasari si uamuzi. Ngassapa akasema mwenyekiti hawezi kujua zaidi ya anachoandikiwa. Shija akasema yeye alitumwa. Mpaka tunafika hakukuwa na mkosaji hata mmoja garini.

Tukamkuta Mama Kalunde anapepeta mtama mbele ya nyumba. Tukaweka mizinga chini, tukapiga magoti, Mheshimiwa na suti yake. Mama Kalunde akaitazama mizinga minne, akatutazama sisi wanne.

Akasema, "Kosa ni moja. Mti nitamwonyesha mmoja."

Basi hapo ndipo mambo yalipogeuka. Garini hakuna aliyelitaka kosa. Pale uani kila mtu alilitaka liwe lake peke yake. Maana mmoja angetoka pale mwepesi, na watatu wangerudi mjini na magogo yao mioyoni mpaka kufa.

Lwitiko ndiye aliyeanza. Alisema mti ni wake, kwa sababu bila kalamu yake moto usingekuwapo. Halafu akasema jambo ambalo hakulisema garini. Alikuwa anajua kabisa kwamba mizinga ya magogo ipo. Aliandika kwa ukali makusudi, kama muuzaji anayetaja bei ya juu sokoni akitegemea mnunuzi ataishusha.

"Nilikuwa nangoja mnipunguzie," akatuambia, hajainua uso. "Niliandika vibaya nikijua mtasahihisha. Mtu wa namna hiyo amekosa mara mbili."

Nikamjibu kwamba hapana, mti ni wangu. Nikasema yeye alitegemea kuna mtu mlangoni wa kumzuia, na mtu huyo wa mlangoni nilikuwa mimi. Nililipwa mshahara kwa jambo moja tu, kusoma, na sikusoma. Sikudanganywa, sikutishwa, sikuchoka. Nilikuwa nawahi ndege. Na si hivyo tu. Niliandika "hazina tatizo", maneno mawili, na kwa maneno hayo mawili niliyafumba macho ya watu kumi na watano ambao huenda mmoja wao angefungua. Nikamwambia Mama Kalunde kwamba asiyeona anaweza kusamehewa, lakini mimi niliweka sahihi kwamba nimeona.

Ngassapa akasema tunyamaze. Akasema sisi ni waajiriwa, lakini yeye aliomba kura. Alisimama kwenye kiwanja cha kijiji hiki hiki akasema, nitumeni nikawe macho yenu.

"Nyumba hii imenilisha asali nikiwa na kamasi puani, Mama," akasema. "Hawa wenzangu wa mjini hawakujua msitu huu una mizinga ya magogo, au walijua kwenye vitabu. Mimi nilijua kwa ulimi. Ningesoma mstari mmoja ningeshtuka. Nilisema imesomwa nikiwa na njaa ya mchana."

Tukadhani amemaliza maneno. Ndipo Shija akazungumza, na alizungumza taratibu kama mtu anayehesabu.

Alisema sisi watatu hatukusoma, au hatukufikiri, na mtu asiyesoma ana pa kujifichia. Yeye hana. Yeye alisoma yote. Aliiona kanuni ya arobaini inayosema afisa akiona inafaa anaweza kuahirisha. Usiku wa kuamkia siku ile aliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Asubuhi akajiuliza, mimi Shija, wa kidato cha nne, ni nani wa kuona kwamba inafaa? Wakubwa mjini wameikalisha kanuni hii mezani siku thelathini, waheshimiwa wameitazama, katibu ameitazama, wangekuwa wameona tatizo wangesema. Kwa hiyo akajiona yeye ndiye asiyeelewa.

"Niliogopa kuwa na akili kuliko Baraza," akasema. "Mama aliniomba wiki tatu. Zilikuwa mkononi mwangu, zimepigiwa mstari. Sikumpa."



Halafu tukaanza kubishana tena. Watu wazima wanne, tumepiga magoti kwenye vumbi, tunagombea ubaya kama watu wanaogombea kiti cha mbele. Lwitiko akamwambia Shija yeye ni mkono tu, na mkono hauna hatia ya kichwa. Shija akamjibu kwamba mkono wake una kichwa chake juu. Ngassapa akanikumbusha kwamba muhtasari ni wa kusaidia, si wa kuamua, nami nikamkumbusha kwamba hayo nilimwambia garini akayakataa. Tukapandisha sauti. Nasikia aibu kuwaambia kwamba nilifika mahali pa kusema mzinga wangu ndio uliopinda zaidi, na hilo peke yake linaonyesha nani ameumia zaidi kuuchonga.

Mama Kalunde akamaliza kupepeta mtama wake. Akausimamisha ungo ukutani, akasema mti ni mmoja, tukishajua ni nani tumwambie. Akachukua jembe akaenda shambani.

Tulimsubiri mpaka jioni. Hatukukubaliana. Tukaiegemeza mizinga minne kwenye ukuta wa jiko lake, tukapanda gari, tukarudi mjini. Mpaka leo, miaka sita, hatujakubaliana. Lwitiko hunipigia simu sikukuu zote mbili kunieleza kwa nini ni yeye. Ngassapa hakugombea tena. Shija aliacha kazi, sasa anauza vifaa vya baiskeli, na kila nikipita kwake hunisalimia vizuri tu na kuniuliza kama tumeshaamua.

Aliyeandika akitegemea atasahihishwa. Aliyewekwa asome na hakusoma. Aliyetumwa na watu wake akasema imesomwa. Aliyesoma yote, akaelewa yote, akawasha kiberiti. Je, nani alistahili kuonyeshwa mti?

Ukumbi ukachemka. Mzee wa kofia ya pama akasema ni Shija, hakuna mjadala, maana wengine waliua kwa karatasi na yeye kwa moto. Kijana mmoja akamkatalia, akasema Shija ndiye pekee aliyeogopa kwa sababu ya uzito wa wale waliokuwa juu yake, kwa hiyo uzito urudi juu kwa Mheshimiwa. Bibi wa maji akasema ni mimi, kwa sababu ya lile begi. Wengine wakaniunga mkono, wengine wakanipinga, na lazima nikiri kwamba walionipinga waliniuma, nikajikuta nanyanyuka kuitetea nafasi yangu.

Nyamizi peke yake hakuwa amesema kitu. Alikuwa amekaa pembeni, mikono juu ya meza, ananitazama. Nikamwambia, Mwenyekiti, wewe ndiye hakimu wetu hapa. Unampa nani?

"Nyuki wamerudi?" akauliza.

"Wapi?"

"Kwa huyo mama."

Nikamwambia sijui. Nikamwambia sijafika huko tena tangu siku ile.

"Basi nenda kaangalie."